Watu wa Ukutani

Mtu wa kwanza niliyemwona akitembea kichwa chini alikuwa mwanamke mwenye ndoo ya maji. Alipita polepole kwenye ukuta wa chumba cha jirani yangu, miguu juu, kichwa chini, na ndoo ikiwa chini zaidi ya kichwa, wala hakuna tone lililomwagika. Alifika kwenye kona akapotea. Jirani yangu, mama mmoja wa Burundi, alikuwa ameketi mkekani akichambua maharage na hakugeuza hata shingo. Aliniambia tu nifunge mlango vizuri, kwa sababu mwanga ukiingia wale watu wanaondoka.

Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi yetu ya wakimbizi. Serikali ya zamani ya Malawi iliwafungia humo watu iliowachukia, na wenyeji wa vijiji vya jirani walikuwa bado wakilitaja jina hilo kwa sauti ya chini. Sisi tuliofika katikati ya miaka ya tisini, wengine tulipata mahema na wengine tukapata vyumba vya wafungwa. Mimi nilikuwa nimetoka Bukavu, nikapita Uvira, Kigoma, Mbeya na Karonga, nikibeba mizigo hapa, nikipaka rangi kule, bila kudumu popote. Shule niliiacha mapema. Kuuliza sikuacha, na watu wengi waliniona msumbufu kwa ajili hiyo.

Chumba cha yule mama kilikuwa na dirisha dogo lililozibwa kwa bati, na kwenye bati kulikuwa na tundu la msumari. Mlango ukifungwa, giza lilikuwa zito, kisha macho yakizoea, ukuta wa pili ulianza kuwa hai. Anga ilikuwa chini karibu na sakafu. Juu kulikuwa na ardhi nyekundu, na kutoka kwenye ardhi hiyo watu walining'inia wakitembea. Nilitoka nje nikasimama mbele ya dirisha na kupunga mikono. Kutoka ndani mama aliniambia kwamba ninapunga kama mlevi.

"Umeona? Ni sisi wenyewe," alisema nilipoingia tena. "Ila sijui kwa nini tunapinduliwa."

Alikuwa ameliona jambo hilo tangu wiki yake ya kwanza na hakumwambia mtu. Alikuwa mjane, watoto wake walikuwa wametawanyika njiani na hakujua waliko, na mchana ulipokuwa mrefu alijifungia humo akiangalia watu wakienda bombani na kurudi. Kitu kingine alichokuwa nacho kilikuwa kwaya. Katika kanisa letu la maturubai yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa imenyooka, na ikishapanda, sauti nyingine zote zilijua mahali pa kukaa. Siku za mazoezi alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye amri na utani.

Kisha mmoja wa wanakwaya alikuja kuazima chekeche. Aliingia, upepo ukausukuma mlango nyuma yake, naye akasimama gizani akitazama ukutani. Mahali pengine labda angesema ni uchawi tu. Lakini hapa palikuwa gerezani, na aliona watu wamening'inizwa kwa miguu. Alikimbia bila chekeche. Kabla ya jua kutua kambi nzima ilijua kwamba mama yule anaishi na wafungwa waliokufa, na kwamba ndio wanaompa ile sauti.

Mzee wa kanisa alikuja kumwona. Alikuwa fundi cherehani wa Bukavu, mrefu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata kwenye joto. Hakuwa mtu mbaya. Alibaki mlangoni, akakohoa, akamwambia mama apumzike kidogo na kazi ya kuimba.

"Mi sisemi ni mashetani," alisema kwa Kiswahili cha Bukavu. "Mi nasema bantu banaogopa."

Jumapili iliyofuata mama aliketi nyuma kabisa, mdomo umefungwa. Kwaya ilianza wimbo juu mno, ikashindwa katikati, ikaanza upya. Nilimtazama. Alikuwa anatazama mikono yake. Tulipotoka nje alinivuta kando na kuniambia kwamba mimi ndiye najua kuulizauliza, basi niende nikaulize. Alisema kila kitu kingine alichoweza kunyang'anywa kilikwisha kunyang'anywa, na kwamba hiki kimoja hatakiacha kwa sababu ya tundu la msumari.

Nilidandia matola, yaani gari la mizigo linalobeba watu, hadi Lilongwe. Sikujua wa kumuuliza. Nilimuuliza fundi redio, akacheka. Nilimuuliza mhubiri wa stendi, akataka kuniombea. Mwishowe huko mtaa wa Area 23, katikati ya wauza nyanya na mafundi baiskeli, niliona kibanda kilichobandikwa picha za watu waliokaa wima wasiotabasamu. Mwenyewe alikuwa mpiga picha, mzee wa Kimalawi aliyejifunza kazi yake Mbeya zamani, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Nilimwita bambo, yaani baba, kama wanavyosema kule. Nilimweleza yote, ndoo na anga na wafungwa. Hakucheka. Aliufunga mlango wa kibanda, akachukua kamera ya zamani ya sanduku iliyokuwa juu ya kabati, akaielekeza dirishani na kuniambia nitazame kioo cha nyuma. Nyumba za Area 23 zilikuwa zimesimama juu ya mapaa yake, na muuza nyanya alikuwa ananing'inia.

"Achimwene," aliniambia, yaani ndugu yangu, "wewe unasema unaishi kambini. Huyo mama anaishi ndani ya kamera."

Nilimwomba anieleze kwa nini kichwa chini. Alitoboa boksi la sabuni, akapitisha nyuzi mbili kwenye tundu lile lile, akazivuta zikanyooka. Mwanga haujui kupinda, alisema. Ule unaotoka kichwani unashuka, unapita tunduni na kuendelea kushuka, na ule unaotoka miguuni unapanda na kuendelea kupanda. Nilizivuta nyuzi zile mwenyewe mara nyingi, hadi akaniambia niziache, anazihitaji. Sijui kama niliwahi kufurahi vile darasani.

Nilitakiwa kurudi siku ile ile. Nilibaki kwa majuma. Nilimfagilia, nikamwoshea trei zake, nikapeleka picha za wateja mpaka Area 18, na jioni tulikula nsima yake, ugali wa kule, na majani ya maboga. Alipogundua kwamba sichoki kusikiliza, hakuchoka kusema. Kutoka kwake nilijua kwamba watu walikifahamu chumba cha giza miaka mingi sana kabla ya kamera. Msomi mmoja wa Kiarabu huko Misri alijifungia gizani akichunguza mwanga unavyopita kwenye matundu. Wachoraji wa Ulaya walitumia chumba kama hicho kufuata mistari ya nyumba kwa kalamu. Picha ilikuwepo, kila mtu aliiona. Tabu ilikuwa kuishika. Ukifungua mlango, imekwenda.

Nilimwambia mama wa Dzaleka anajua hivyo.

Basi akanieleza habari za wale walioishika. Mfaransa mmoja alipaka lami kwenye bamba la madini, akaliacha ndani ya sanduku mbele ya dirisha lake la juu muda mrefu mno, mpaka jua likaangaza kuta za upande huu na za upande ule katika picha moja. Mfaransa mwingine, aliyekuwa mshirika wake, alitumia shaba iliyopakwa fedha na mvuke wa zebaki. Huyo wa pili alipiga picha barabara kubwa ya Paris yenye magari ya farasi na umati wa watu, na picha ilipotoka barabara ilikuwa tupu. Wote walikuwa wanatembea, na bamba lile lilihitaji dakika nyingi kumwona mtu. Mmoja tu alibaki, kwa sababu alisimama anapigiwa viatu vyake rangi. Na Mwingereza mmoja aliacha bamba, akatumia karatasi yenye chumvi na fedha. Kwake nyeupe ilitoka nyeusi na nyeusi ikatoka nyeupe, halafu akaibana karatasi hiyo juu ya nyingine kwenye mwanga, ikageuka kuwa sawa. Kutoka karatasi moja aliweza kuzalisha picha nyingi.

Nilimuuliza kama karatasi hiyo bado ipo. Aliniangalia, kisha akatazama rafu. Mjini mashine za rangi zilikuwa zimeingia, na wateja hawakutaka tena nyeusi na nyeupe. Alinipa boksi zima la karatasi lililopitwa na muda, pakiti za dawa ya kutolea picha na ya kuikaza, na kipande cha kioo. Alinifundisha kuzichanganya mpaka nikaweza kufanya hivyo nimefumba macho.

Nilirudi Dzaleka nikiwa na kiburi cha mtu aliyepata cheo. Nilimwendea mzee wa kanisa kwenye cherehani yake na kumwomba jambo moja tu, asimame mbele ya dirisha la mama na kofia yake. Alikubali, nadhani kwa sababu kofia haikuwa jambo la kuogopesha. Wanakwaya wachache wenye moyo waliingia nami ndani, wakishikana. Nilifunga mlango. Macho yalipozoea, mzee akatokea ukutani, miguu juu, akavua kofia kama nilivyomwomba na kuivaa tena.

"Muzee amesimama juu ya kofia yake," mwanamke mmoja alisema, na kicheko kikavunja woga wao wote.

Halafu tulibadilishana. Mzee aliingia, nasi tukapita nje, na mkewe akapita pia kwa bahati, akitokea sokoni na kuniuliza kwa sauti kali mumewe amefichwa wapi. Mzee alitoka amepigwa na jua la ghafla, akifikicha macho. Alisema hata kichwa chini mke wake haachi kumtafuta. Alimpa mama mkono. Lakini alikuwa mtu wa haki, akaniambia ukweli: yeye ameona, hawa wachache wameona, ila nusu ya kanisa haitatia mguu katika chumba kile. Kwao tutakuwa tumelogwa sisi pia. Wanataka kitu cha kushika mkononi, nje, juani.

Hicho ndicho nilichokuwa nimekuja nacho.

Tuliziba kila ufa kwa udongo na magunia. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye tochi, kwa sababu karatasi ile haioni rangi nyekundu. Nilisimamisha ubao katikati ya chumba, maana niligundua kwamba kadiri ninavyousogeza karibu na tundu, picha inazidi kuwa ndogo na yenye nguvu. Nilijaribu kwa vipande vidogo vya karatasi. Cha kwanza kiliungua cheusi chote, cha pili hakikuona kitu. Saa sikuwa nayo. Mama, ambaye alikuwa mlangoni akihakikisha hakuna anayefungua, alianza kuimba polepole ili kujipitishia muda, na ndivyo tulivyopata kipimo: jua la asubuhi likishapanda vizuri, karatasi ilitaka wimbo mmoja mrefu, beti zote, bila kuruka kibwagizo.

Jumamosi kwaya yote ilipangwa mbele ya dirisha, mzee wa kanisa katikati yao, na nusu ya kambi ikaja kutazama. Mzee aliweka sharti moja. Mama akae nje pamoja na wengine, pembeni, kwenye kigoda, mbele ya macho ya watu wote, mtu asije akasema alikuwa ndani akifanya mambo. Niliwaambia wasimame tuli kwa urefu wa wimbo ule, nikataja wimbo, nikaingia, nikazima tochi na kuondoa kizibo cha tundu.

Nikawasikia wanaimba.

Nilipaswa kujua. Huwezi kuitajia kwaya ya watu wa Bukavu na Burundi jina la wimbo ukategemea watauhesabu kimoyomoyo. Walianza kwa chini, kisha makofi, kisha miguu. Nilipiga kelele ndani ya giza kwamba wanyamaze, nao walidhani nafurahi. Kwenye karatasi niliwaona wakiyumba kushoto na kulia, kichwa chini, kama nguo kwenye kamba. Niliacha wimbo uishe, nikaiosha karatasi ile, nikaibana chini ya kioo juu ya nyingine na kuimulika ili igeuke, na nikaitoa nje ikiwa bado inachuruzika maji.

Kwaya haikuwepo. Palikuwa na ukungu mahali waliposimama, na ndani ya ukungu hapa na pale kiatu. Pembeni, kwenye kigoda, alikuwepo mama peke yake, wazi hadi mikunjo ya kitenge. Hakuruhusiwa kuimba, kwa hiyo hakutikisika.

Umati ulirudi nyuma. Mtu alisema kwamba sasa imeonekana, sisi tumeyeyuka na yeye amebaki. Yule wa chekeche alianza kulia. Nilijaribu kuwaeleza barabara ya Paris, watu waliopotea kwa kutembea na mmoja aliyebaki kwa kusimama.

"Na huyo wa Paris," sauti moja ikauliza, "naye alikuwa jirani ya wafungwa?"

Watu walicheka, lakini si kicheko cha kusaidia. Nilimwona mzee wa kanisa anaishika picha ile kwa ncha za vidole, na nikajua kwamba akiitupa, mama ataketi nyuma maisha yake yote. Nilikuwa nimemfanyia ubaya kuliko lile tundu. Nilikuwa bado natafuta maneno, naye mama akainuka kutoka kigodani.

"Muzee," alisema, "walitembea ndani ya wimbo. Wasiimbe. Niimbe mi peke yangu, huko ndani, wao wasikie na kusimama. Nikinyamaza, watikisike."

Sharti la mzee lilikuwa kwamba asiingie ndani. Na kanisa lilikuwa limemwambia apumzike kuimba. Alikuwa anaomba vyote viwili kwa pamoja, mbele za watu, wala hakuinamisha kichwa. Mzee aliitazama picha tena. Alikitafuta kiatu chake katika ukungu, akakiona, akakigusa kwa kidole. Alikuwa fundi, naye alijua nguo inavyoharibika kwa mtu anayepimwa huku anacheza.

"Uimbe," alisema. "Lakini beti zote."

Tuliingia wawili. Nilibandika karatasi mpya, nikaondoa kizibo. Taratibu kwaya ikatokea mbele yetu, ndogo, imepinduka, mashati meupe na vitambaa vya kichwa, mzee katikati na kofia yake. Mama alisogea karibu na bati ili sauti itoke nje kupitia nyufa za juu tulizozijaza magunia, akaanza. Aliwaimbia akiwatazama. Nje hakuna aliyekohoa. Ubeti wa pili niliona bega moja linataka kwenda na wimbo, likarudi. Sijawahi kusikia wimbo ukiwa umeshikwa na watu wengi namna ile bila mdomo kufunguka. Alipofika mwisho, aliurudia ubeti wa mwisho, na baada yake akaurudia tena. Sikumzuia. Nilihofia karatasi itaungua, lakini wingu dogo lilikuwa limepita juani na ile nyongeza ndiyo iliyotuokoa.

Niliiosha na kuigeuza kama ile ya kwanza, nikaitoa nje na kuitundika kwenye kamba ya nguo kwa pini mbili. Hakuna aliyerudi nyuma. Walisukumana kuja mbele. Kila mtu alijitafuta, akajipata, akamtafuta jirani yake ili amcheke. Yule wa chekeche alijiona macho yamefumbwa na akadai tupige upya. Watu wa kambi wasiokuwa na kwaya wala kanisa walipita wakigusa ncha ya karatasi. Bibi mmoja aliuliza ni mashine gani ya Lilongwe iliyofanya hivi. Nilimwonyesha dirisha, bati na tundu, na shingo yangu ilikuwa imenyooka kama ya bwana harusi. Wale Wafaransa na yule Mwingereza walikuwa na maabara na marafiki wenye vyeo. Sisi tulikuwa na chumba cha gereza, beseni na sauti ya mtu, na picha yetu ilikuwa pale kambani inakauka.

Kisha mtoto wa mtu akauliza kwa nini mama mwenyewe hayumo.

"Mi nilikuwa ndani," mama alisema. "Mi njo niliwapiga picha."

Mzee wa kanisa alivua kofia, akajipepea. Alimwambia mama kwamba kesho aanzishe wimbo ule ule, ila asiuburute kama leo, magoti yake si ya kijana. Mama alimjibu kwamba kesho hakutakuwa na karatasi ya kungoja.

Jumapili tulijaa hadi nje ya maturubai. Alisimama mbele, mahali pake, akasubiri watoto wanyamaze, akaanza. Ulipofika ubeti wa pili hakuna mtu katika kanisa lile aliyekuwa amesimama tuli.